Swichi ya Mwalimu Joram

Marehemu baba yangu, aliyekuja Tarime kutoka Tanga na begi moja la bisibisi, alinifundisha ufundi wa redio kwa makofi mengi na kanuni moja. Kipuri kilichokufa hurudi mkononi mwa mwenye redio. Ukitoa transista iliyoungua, unaifunga kwenye kipande cha gazeti, unampa mteja aione, aende nayo kwake, akaitupe mwenyewe. Hapo anajua hukumdanganya. Watu wameizoea kanuni hiyo mpaka leo. Mzee akiingia kwenye banda langu hapa Nyamisangura, kabla hata hajauliza redio yake imepona au la, ananyoosha kiganja na kusema, nipe kilichokufa.

Mimi ni Maftah, mtoto wa fundi huyo, na kanuni hiyo hiyo ndiyo niliyoitumia kumdanganya Mwalimu Joram.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa kumi. Mwalimu Joram Mseti ni mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Nyanungu, na kwa miaka zaidi ya thelathini ndiye aliyefundisha kwaya ya kanisa la kijijini kwao. Aliniletea amplifaya ya miaka ya sabini, ya uso wa bati linalong'aa na ubavu wa mbao, nzito kiasi kwamba mwenye bodaboda alikuja kumsaidia kuiingiza. Kwenye mbao ya kushoto palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, mahali kibatari kilipoangukia zamani. Taa inawaka, aliniambia, lakini sauti hakuna, si ya redio wala ya kaseti.

Kaseti ndizo zilizomtoa nyumbani. Alikuwa na deki ya kuchezea kaseti, lakini deki ile haina spika yake, inategemea amplifaya iisemee. Na alikuwa na kaseti ishirini na tatu za kwaya yake, alizorekodi mwenyewe tangu ujana. Siku hizi redio za kaseti zimeisha majumbani, kila mtu ana flashi. Amplifaya ile ikinyamaza, kwaya yote inanyamaza.

Nilimwambia aniachie siku mbili.

Sasa niseme ukweli juu ya ufundi wangu. Nimekulia kwenye sabufa za kisasa, zile unazofungua na kukuta ubao mmoja mwembamba, ukibadilisha vipuri viwili mambo yameisha. Mzee wa chuma kama huyu, baba angemmaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilipima fyuzi, nzima. Nikapima transista moja baada ya nyingine, zote nzima. Swichi zilikuwa nyingi usoni pake, nikazibonyeza moja moja, zikalia tik, nami nikaamua kwamba swichi inayolia tik haina ugonjwa. Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya pili saa nne Mwalimu akaingia, mimi sina jibu, na kwenye benchi wamekaa wateja wawili wanaonitazama.

Akanyoosha kiganja. Nipe kilichokufa.

Ningesema tu kwamba sijaona tatizo. Maneno mawili matatu. Lakini nina kiburi, tena kiburi cha mtu anayejua kwamba baba yake alikuwa fundi kumzidi. Mezani palikuwa na kopo lililoandikwa Nashoni, na ndani yake transista iliyoungua niliyoitoa kwenye sabufa ya Nashoni, mwenye bucha kule Sirari. Ilikuwa inamsubiri yeye. Nikaichukua nikaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu.

"Ndicho hiki, Mwalimu," nikasema. "Kimekufa, na hakipatikani tena. Hata Nairobi hakipo."

Alikigeuza geuza karibu na jicho, kwa heshima, jinsi mtu anavyomtazama maiti asiyemjua. Kisha akatoa leso yake nyeupe yenye pindo la buluu, akakifunga, akakitia mfukoni. Amplifaya akaniachia. Alisema hana nguvu ya kurudi na mzigo usiosema, labda nitapata ndani yake kitu cha kumponyea mtu mwingine redio yake. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Nashoni alipokuja kuchukua sabufa yake na kunyoosha kiganja, nikamwambia kipuri chake kimepotea kwenye takataka.

Mwaka jana mwezi wa nne mvua ilinyesha wiki nzima na wateja wakakatika. Nikaiteremsha ile amplifaya nipate kuchomoa vipuri. Sijui kwa nini, kabla ya kuchomoa niliiwasha, nikajaribu njia ya baba: unalowesha kidole kwa mate, unagusa waya wa sauti, unaanzia karibu na spika na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Palipo pazima spika zinanguruma. Nikaenda hivyo, nguruma, nguruma, mpaka kwenye swichi ndogo kuliko zote, ile ya kuchagua kaseti. Nilipogusa mguu wa upande huu, spika zikanguruma. Upande wa pili, kimya.

Nikaelewa pale pale, na masikio yakapata moto. Sauti yote ya chombo kile, ya redio na ya kaseti, ilikuwa lazima ipite kwenye kiswichi kile kimoja. Kikifunga njia, chombo kizima ni bubu.

Niliyeyusha risasi kwenye miguu yake kumi na miwili, nikakitoa, nikakifungua. Ndani mna vindimi vya chuma vinavyotelezana. Vilikuwa vyeusi kwa moshi wa kibatari na kuni wa miaka mingi. Nikavisugua kwa raba ya penseli, nikavipangusa kwa pamba na spiriti, nikarudisha kila mguu kwenye tundu lake na kulehemu upya. Kazi ya saa moja, kipuri kipya hata kimoja sikutia.

Nilipowasha, sauti iliyotoka sijapata kuisikia kwenye banda lile tangu baba afe. Ilikuwa nene na tulivu, haina makelele ya sabufa zetu. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaiona ile alama ya kibatari kwenye mbao, na kicheko kikaisha.

Namba ya Mwalimu ilikuwa kwenye daftari. Mchana Rahima, mke wangu, aliponiletea chakula nikamsimulia yote, pamoja na habari ya kopo la Nashoni. Alisikiliza mpaka mwisho akasema nimpigie simu sasa hivi, kabla ugali haujapoa. Nikamwambia kesho. Nilikuwa napiga hesabu ya maneno. Kama amplifaya imepona kwa kupanguswa, basi kile kilichofungwa kwenye leso ni nini? Kesho ikafika na swali la pili: mbona hukusema jana? Maswali yakazidi kuongezeka, mimi nikazidi kunyamaza, na Rahima akaacha kuniuliza, jambo lililonitisha zaidi. Mwisho nikaipandisha amplifaya rafuni, ubavu wenye alama nikauelekeza ukutani. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuuliza ni nini kinachoimba vile. Ilinipa sifa. Niliipokea sifa hiyo, sikatai.

Mwezi wa tisa Mwalimu aliingia na kiredio chake cha betri, waya umekatika. Amplifaya ilikuwa inapiga. Alisimama mlangoni na kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kama wafanyavyo walimu wa kwaya wakitafuta nani anaimba vibaya.

"Inafanana sana na yangu," akasema.

"Zilitengenezwa nyingi, Mwalimu. Hii ni nyingine."

Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba angeweza kuapa. Kisha akajicheka, akasema uzee umeingia hadi masikioni, nami nikacheka pamoja naye. Kicheko kile kinanirudia hata nikiwa kwenye sala.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, akaja dada mmoja anaitwa Frida, mwimbaji wa kwaya ya Nyanungu, ameleta maikrofoni inayokwaruza. Nikiwa naifungua alikuwa akilalamika kwamba hata ikipona haitawafaa sana, hawana mwalimu. Nikamuuliza Mwalimu Joram amepatwa na nini. Akaniambia amejiuzulu tangu mwaka jana, na hakuna aliyeweza kumrudisha, hata mchungaji. Aliwaambia masikio yake hayafai tena. Alisema aliingia kwenye duka moja Tarime mjini, akasikia redio, akawa na hakika kabisa kwamba ni yake, na fundi akamwambia siyo. Mtu asiyeijua sauti ya redio aliyoisikiliza miaka thelathini, alisema, atajuaje sauti ya tatu imeshuka? Bora akae nyumbani asije akawapotosha vijana.

Frida hakujua fundi huyo ni nani. Alikuwa ananiangalia kwa sababu bisibisi ilikuwa imenianguka.

Siku ya pili yake nilifunga banda. Rahima alileta blanketi letu la kitandani akaizungushia amplifaya kwa mikono yake. Nikakodi gari dogo mpaka Nyanungu, mzigo nimeupakata, na njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi ya kuanza. Niliyopanga yote yalisahaulika nilipomwona Mwalimu amekaa chini ya upenu wa nyumba akichambua maharage. Mkewe, Mama Christina, aliniletea kiti. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika vizuri, na Mwalimu akamwambia mkewe huyu ndiye yule fundi wangu mkweli. Sikukaa.

"Mwalimu, ile niliyokwambia ni nyingine, ndiyo hii," nikasema. "Ni yako. Haikufa hata siku moja. Ilikuwa swichi chafu, na mimi sikuijua. Nikaona aibu, nikakupa kipuri cha mtu mwingine."

Nikatoa blanketi na kumgeuzia ubavu wenye alama. Mwalimu aliweka kidole gumba juu ya ile alama akakiacha pale. Kuku waliyaingilia maharage na Mama Christina hakuwafukuza.

Tuliiingiza ndani, nikaiunganisha na spika zake, nikaiwasha. Nikamwonyesha swichi. Akaibonyeza ndani, akaitoa nje, ndani, nje, tik, tik.

"Hii tu?"

"Hii tu, Mwalimu."

Nikafungulia redio. Akainamisha kichwa kushoto, akafumba macho.

"Kwa hiyo siku ile nilisikia sawa," akasema.

"Ulisikia sawa."

"Mama Christina." Akamwita mara mbili na mkewe yuko hapo hapo. "Mama Christina, masikio yangu ni mazima."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akampiga mkewe begani, akasema Jumapili hii hii anarudi, waje wamsikie. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa fimbo, na kuitiwa wazee wa ukoo. Sikujiandaa kumwona mtu mzima anafurahia kurudishiwa kitu nilichomwibia mwenyewe. Nilitamani anitukane, na kwa kuwa hakunitukana nikafanya haraka kutafuta kusamehewa. Nikamwambia alete kaseti moja tuisikilize kwaya.

Kicheko kikakatika. Alimtazama mkewe. Mama Christina akaelekeza kidevu nje, shambani.

Nyuma ya nyumba mtama ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Katikati ya shamba walisimika miti mirefu, na kutoka mti hadi mti ulivutwa utepe mwembamba wa kahawia, unaometameta juani. Upepo ulipopita, tepe zote zililia pamoja, mlio wa chini usiokatika. Kundi la kweleakwelea lilikuja kutoka upande wa mto, likazunguka mara moja, likaenda zake. Karibu na ghala palikuwa na debe limejaa maganda matupu ya kaseti.

"Ni mimi niliyesema," Mama Christina akaniambia. "Fundi amesema redio imekufa, kaseti za nini. Ndege walikuwa wanatumaliza. Yeye hakutaka. Alikaa nazo tangu ulipomwambia mpaka mwaka jana mwezi wa tano, akizipangusa vumbi. Mwezi wa tano ndio akakubali. Mura, kijana wangu, umetuumiza."

Mwezi wa tano. Mimi swichi niliiponya mwezi wa nne. Laiti ningepiga simu ile siku ugali ukiwa wa moto, kaseti zote ishirini na tatu zingekuwa bado kwenye kabati. Kosa la kutojua swichi lilikuwa halijamdhuru mtu bado. Haya yote niliyafanya kwa kunyamaza.

Mwalimu alikuwa ameingia kwenye mtama. Nikamfuata. Alitembea chini ya tepe akizigusa moja moja kwa ncha ya kidole.

"Hii ni Pasaka ya mwaka tisini na sita," akasema. "Inaanzia mti ule mpaka kwenye kichuguu. Hii hapa ni harusi ya mdogo wangu Ryoba. Na hii ya chini ni ya akina mama wanne. Wawili wameshafariki."

Alizifunga mwenyewe, kila moja akijua ni ipi. Nikaushika utepe wa akina mama nianze kuufungua. Nilimwambia nitazikusanya zote leo, nitazipangusa, nitazizungushia kwa penseli kwenye maganda yake, huenda zingine bado zina sauti. Nilikuwa naongea haraka haraka. Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Mtama bado wiki tatu. Ukizitoa leo tutalala njaa kwa ajili ya moyo wako."

Nikauachia utepe. Akaniambia nije siku ya kuvuna, na penseli yangu.

Tuliporudi uani nikamwomba radhi, yeye na mkewe. Alinijibu taratibu. La swichi, alisema, amelisamehe nikiwa bado naongea, kwa sababu hata yeye amewahi kuwafundisha watoto hesabu isiyo sahihi na kuifuta ubaoni kesho yake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ile leso nyeupe yenye pindo la buluu. Alikuwa amekihifadhi kipuri kile muda wote huo, kwa kuwa kilikuwa ndicho kipande pekee cha redio yake kilichobaki nyumbani.

"Na hiki ni cha nani?"

"Cha Nashoni, wa Sirari."

"Anajua kilipo?"

"Nilimwambia kimepotea."

Akaniwekea leso kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Basi kampe mwenyewe, umwambie kilikuwa wapi," akasema. "Leso uniletee. Hayo mengine tutayaongea ukirudi."

Nilikwenda Sirari kesho yake. Nashoni alikuwa anakata nyama. Alinisikiliza bila kuacha kukata, kisha akafuta mkono kwenye aproni na kuunyoosha. Alikitazama kipuri, akaniambia siku niliyosema kimepotea alijua nimemwongopea, akaapa hatakanyaga tena bandani kwangu. Tangu hapo yeye, na majirani zake wote, redio wanapeleka kwa fundi mwingine. Hakunifokea. Akarudi kwenye nyama yake, nami nikarudi na leso.

Siku ya kuvuna nilifika mapema, na Rahima akaja pia. Tulikata mtama mpaka adhuhuri, kisha mimi na Mwalimu tukazishusha tepe. Nyingi zilikatika mikononi. Zilizobaki nzima nilizipangusa kwa kitambaa kikavu na kuzizungusha kwa penseli, mzunguko kwa mzunguko, mpaka kiganja kikachubuka. Zilijaza kaseti mbili na nusu. Mwalimu alikuwa amesharudi kwenye kwaya, Frida alinieleza, na leso yake nilimpa iliyofuliwa, akaipokea. Yale mengine aliyosema tutayaongea, hatukuyagusa.

Jioni tulichomeka kaseti ya akina mama. Nilibonyeza ile swichi mimi mwenyewe, tik. Kukawa na mvumo, ule ule wa shambani. Mwalimu aliinamisha kichwa kushoto. Mvumo ukaendelea, Mama Christina akaanza kuinuka akakoleze moto, na ghafla wakatokea: sauti nne za wanawake, wazi kabisa, katikati ya mstari. Mwalimu akainua mkono wa kulia kuwaongoza. Walifika neno la tano au la sita, wakazama, ukabaki mvumo.

Mkono wake ulibaki juu. Nilikaa nikiutazama, kidole changu kipo kwenye swichi, sikuthubutu kuzima kabla yeye hajaushusha.